Walioitwa kwa Kazi Zao: Rekodi za Majina Yaliyotoka Kwenye Ufundi

Kamsamba iko chini kwenye bonde la Rukwa, wilayani Momba, mahali Mto Momba unapolikaribia ziwa na watu wanapolima mpunga. Huku mkoani Songwe ubini wa wengi huanza na Si: Sichalwe, Simbeye, Silwimba, Sikazwe. Jina linalotangulia ubini ndilo hubadilika kizazi hadi kizazi. Lipo la Biblia, lipo la Kiswahili, lipo la lugha ya nyumbani, na lipo la Kiingereza ambalo kwao Uingereza lilianza likiwa ubini wa mtu: Jackson, Wilson, Nelson, Dickson. Shule za misheni na safari za migodini zimeyasambaza majina hayo kotekote Nyanda za Juu Kusini, na leo hakuna anayeyashangaa.

Ubini wa Waingereza una koo nne kubwa. Wa kwanza humtaja baba, ndiyo maana Jackson ni mwana wa Jack na Wilson ni mwana wa Will. Wa pili hutaja mahali, kama Milton, Stanley na Washington. Wa tatu hutokana na sifa au utani, kama Brown. Wa nne hutaja kazi, na huo ndio tunaoupangia rekodi hapa, hasa pale ulipohama nafasi yake ya mwisho ukawa jina analoitwa mtoto tangu siku ya kwanza.

Ukoo huu unastahili heshima ya pekee. Wafalme na maaskofu waliandikiwa vitabu. Mwashi, mtia rangi nguo na mlinzi wa kinu hawakuandikiwa kitabu, ila majina yao yamebaki vinywani mwa watu kwa zaidi ya miaka 600. Hizi hapa rekodi zao.

Linalojulikana kuliko yote Tanzania: Millard

Mtanzania anayesikiliza redio au kufuatilia habari mtandaoni analijua jina hili. Millard Ayo alijulikana nchini kupitia kipindi cha Amplifaya cha Clouds FM, kisha akajenga tovuti yake na Ayo TV. Wengi hulisikia jina lake kama la kisasa kabisa. Kumbe ni la kale: limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha zamani, moja likiwa na maana ya kinu cha kusagia nafaka na la pili mlinzi. Millard wa kwanza alikuwa mtu aliyekabidhiwa kinu cha kijiji.

Kazi hiyo inaeleweka vizuri Kamsamba. Palipo na mpunga na mahindi pana mashine ya kukoboa na ya kusaga, na mwenye kuiendesha anajulikana na kila kaya. Anajua nani amevuna na nani amepungukiwa. Uingereza ya zamani ilikuwa hivyo hivyo: kinu kiliendeshwa kwa maji au upepo, mara nyingi kilikuwa mali ya bwana wa ardhi, na wakulima walilazimika kupeleka nafaka zao hapo. Aliyekilinda alikuwa na mamlaka juu ya chakula cha kijiji kizima, kwa hiyo watu kumwita kwa kazi yake lilikuwa jambo la kawaida.

Rais wa kwanza wa Marekani kuitwa kwa ubini: Millard Fillmore

Jina hilohilo linashika rekodi ya pili. Marais 12 wa mwanzo wa Marekani waliitwa George, John, Thomas, James, Andrew, Martin, William na Zachary, yote yakiwa majina ya Biblia, ya watakatifu au ya wafalme. Wa 13, aliyetawala kuanzia 1850 hadi 1853, alikuwa Millard Fillmore. Mama yake alizaliwa Phoebe Millard. Alipoolewa, ubini wake ungepotea. Badala yake akaurithisha kwa mwanawe kama jina la kwanza.

Hivyo ndivyo majina mengi ya namna hii yalivyozaliwa. Mwanamke alichukua ubini wa mume, na ule wa kwao ukaokolewa kwa kupewa mtoto. Fillmore mwenyewe alikulia kwenye umaskini, na alipokuwa kijana baba yake alimpeleka kujifunza kazi ya kuchambua na kusafisha sufu katika kiwanda cha nguo, kabla hajasoma sheria. Aliingia Ikulu baada ya kifo cha Zachary Taylor mwezi Julai 1850. Kwa hiyo kiti kilitoka kwa mtu mwenye ubini wa fundi cherehani kikaenda kwa mtu mwenye jina la mlinzi wa kinu.

Ushahidi wa zamani: Camden, 1605

Mwanahistoria William Camden alichapisha kitabu chake kuhusu mambo ya kale ya Uingereza mwaka 1605. Ndani yake alieleza kwamba desturi ya kumpa mtoto ubini kama jina la ubatizo ilikuwa imeingia nchini mwake hivi karibuni, na kwamba hakuiona kwa majirani wa Ulaya. Walioianza walikuwa matajiri, waliotaka mtoto abebe jina la ukoo wenye ardhi. Ilichukua muda mrefu kabla ya mzazi wa kawaida kumwita mwanawe Mason au Carter kwa kuupenda mlio wake tu.

Lililotikisa dola: Tyler

Tyler ni mwezeka vigae, fundi wa kupanga vigae juu ya paa. Jina hili liliingia kwenye historia mwezi Juni 1381, pale Wat Tyler alipowaongoza wakulima wa Kent na Essex hadi London kupinga kodi ya kichwa. Kodi hiyo, ya tatu ndani ya miaka minne, ilimtoza kila mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 15 shilingi moja, tajiri na maskini kiwango kilekile. Wazee wetu nao waliijua kodi ya kichwa, na hawahitaji kuelezwa kwa nini watu waliandamana.

Tyler aliuawa Smithfield tarehe 15 Juni mbele ya mfalme Richard wa Pili, aliyekuwa kijana wa miaka 14. Lakini kodi ile iliacha kitu ambacho hakuna aliyekikusudia. Makarani walipokwenda kijiji kwa kijiji kuwaandika walipaji, waliwaandika watu kwa majina na mara nyingi kwa kazi zao. Madaftari hayo ya kati ya 1377 na 1381 ni miongoni mwa hazina kubwa za ushahidi kuhusu ubini wa Waingereza. Serikali ilitaka fedha, ikatuachia orodha ya mafundi. Miaka 600 baadaye, katika miaka ya 1990, Tyler likawa miongoni mwa majina kumi ya juu ya wavulana wanaozaliwa Marekani.

Lililopanda juu kuliko yote: Stewart

Stewart na Millard wana asili moja, maana neno la mlinzi limo ndani ya yote mawili. Huyu alikuwa mlinzi wa nyumba: msimamizi wa jiko, stoo na watumishi wa bwana. Huko Scotland kazi ya kusimamia nyumba ya mfalme ikawa ya kurithi, ikageuka ubini, na mwaka 1371 mmoja wa ukoo huo akatawazwa kuwa mfalme Robert wa Pili. Mwaka 1603 ukoo uleule, ambao huandikwa pia Stuart, ukachukua na taji la Uingereza, na wa mwisho wake kutawala, Malkia Anne, alifariki mwaka 1714. Hakuna jina jingine la kazi lililoanzia kwenye funguo za stoo likafika kwenye kiti cha enzi na kukikalia kwa zaidi ya karne tatu.

Ubini huu ulipita jirani na Songwe. Mwaka 1881 mhandisi James Stewart alianza kupima njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ile iliyoitwa Barabara ya Stevenson kwa jina la tajiri wa Glasgow aliyeigharimia. Stewart alifariki mwaka 1883, kazi ikiwa haijakamilika. Njia hiyo ilipita katika nchi ya Wanyamwanga, kusini tu mwa ulipo mpaka wa Tunduma leo.

Mashabiki wa soka wana Stewart wao. Mwingereza Stewart Hall alikuwa kocha wa Azam FC ilipotwaa Kombe la Kagame kwa mara ya kwanza, mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, kwa kuifunga Gor Mahia mabao 2–0 kwenye fainali. Azam ilimaliza mashindano yale bila kufungwa bao. Mlinzi wa nyumba, kweli.

Lenye mataji mengi zaidi Afrika Mashariki: Marshall

Mzizi wa Marshall ni maneno mawili ya Wafranki, farasi na mtumishi. Alikuwa kijana wa zizini, mwenye kulisha na kusugua farasi. Kadiri farasi walivyozidi kuwa nguvu ya jeshi, mtunzaji wao naye alipanda, hadi jina lake likawa cheo cha juu kabisa cha kijeshi. Afrika Mashariki imekiona cheo hicho kikidaiwa mara mbili: na John Okello katika Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na Idi Amin aliyejitunuku mwaka 1975.

Aliyelivaa kama jina la kwanza na kulipa fahari ni Mkenya Marshall Mulwa, kocha wa Harambee Stars. Chini yake Kenya ilichukua Kombe la CECAFA mwaka 1981 nchini Tanzania, 1982 nchini Uganda na 1983 nyumbani. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1973, hakuna nchi iliyokuwa imelitwaa mara tatu mfululizo. Mwalimu mwenye jina la mtunza farasi ndiye aliyefungua ukurasa huo, na viwili kati ya vikombe vitatu alivifuata ugenini.

Yaliyomtaja mwanamke waziwazi: Webster, Baxter, Brewster na Dexter

Hapa ndipo Uingereza ya kale na Momba ya leo zinapokutana, na ndipo penye mambo mengi ya kujifunza.

Miongoni mwa Wanyamwanga, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Tunduma, pamoja na jirani zao Wamambwe, ubini hueleza kama mwenye nao ni wa kiume au wa kike. Wa kiume huanza na Si, wa kike huanza na Na. Kaka ni Simwinga, dada ni Namwinga. Kaka ni Sinyangwe, dada ni Nanyangwe. Sikazwe ana dada aitwaye Nakazwe. Ukoo ni mmoja, shina la jina ni moja, ila binti ana sauti yake mwenyewe ndani yake na haazimi ya kaka.

Kiingereza cha zamani nacho kilikuwa na njia ya kumtaja mwanamke mwenye kazi, ila chenyewe kiliweka alama mwishoni. Mwoka mikate mwanamume alikuwa Baker, mwanamke alikuwa Baxter. Mfumaji mwanamke aliitwa Webster. Mpika pombe mwanamke alikuwa Brewster, na mtia rangi nguo mwanamke ndiye Dexter. Kazi hizi zilikuwa mikononi mwa wanawake kabla ya viwanda kuzichukua, hasa pombe, ambayo huko kama huku ilipikwa nyumbani na kumpatia mama fedha yake mwenyewe. Baadaye watu wakaisahau maana ya ile alama, watoto wa kiume wakarithi majina ya bibi zao, na leo Dexter na Webster ni majina ya wanaume. Waziri wa habari wa Zimbabwe kati ya 2009 na 2013 aliitwa Webster Shamu: mwanamume mwenye jina la mwanamke mfumaji wa Uingereza.

Hilo ni onyo kwetu. Fomu za serikali zina nafasi moja ya ubini, na binti huandikwa ule wa baba yake kama ulivyo. Mbunge wa Momba aliyechaguliwa mwaka 2020 ni mwanamke, na anaitwa Condester Sichalwe. Hakuna ubaya wowote katika kubeba ubini wa baba. Lakini Waingereza walipoacha kutofautisha Baker na Baxter, walipoteza orodha nzima ya wanawake waliofanya kazi, na leo inabidi wataalamu wa lugha waitafute. Huku kwetu bado bibi wapo wanaoitana kwa Na. Waandikwe, watoto wasikie.

Lililohama kutoka kwa wavulana kwenda kwa wasichana: Taylor

Taylor ni fundi cherehani wa enzi ambazo cherehani haikuwepo. Alikata na kushona kwa mkono. Kama jina la kwanza lilikuwa la wavulana kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1990 likaingia katika majina kumi ya juu ya wasichana nchini Marekani. Taylor Swift, aliyezaliwa Desemba 1989, alipewa jina hilo kutokana na mwanamuziki James Taylor. Kwa hiyo ubini wa mwanamume ukawa jina la kwanza la msichana.

Msichana huyo naye akavunja rekodi zake. Februari 2024 akawa msanii wa kwanza kushinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka mara nne, na ziara yake iliyoanza Machi 2023 na kumalizika Desemba 2024 ikawa ya kwanza duniani kuingiza zaidi ya dola bilioni moja. Njia hiyohiyo imefuatwa na Harper, yaani mpiga kinubi, jina lililojulikana kupitia mwandishi Harper Lee na ambalo sasa hupewa wasichana zaidi.

Lililoruka kwa kasi: Mason

Mason ni mwashi, mjenzi wa mawe. Makanisa makubwa ya Ulaya yaliyosimama tangu karne ya 12 ni kazi ya mikono yake. Mwaka 2011 jina hili lilishika nafasi ya pili miongoni mwa wavulana waliozaliwa Marekani, likitanguliwa na Jacob tu. Mwashi alikuwa amewapita wafalme wote, kina William, James na Henry.

Lenye watu wengi zaidi: Smith

Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 iliwahesabu watu 2,442,977 wenye ubini wa Smith, idadi ambayo hakuna ubini mwingine nchini humo ulioifikia. Maana yake ni mhunzi. Kila kijiji kilimhitaji, kwa jembe, kwa kwato za farasi, kwa upanga, hivyo akapatikana kila mahali. Nje ya Uingereza naye yupo: Schmidt kwa Wajerumani, Ferrari kwa Waitaliano, Kovács kwa Wahungari, Kuznetsov kwa Warusi. Waarabu wana Haddad, na watu wa pwani yetu wanalisikia kila isomwapo Ratib al-Haddad, uradi wa Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut.

Songwe haina sababu ya kumwona mhunzi kuwa mgeni. Wanyiha wa Mbozi na jirani zao Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika matanuru ya udongo, wakafua majembe kabla ya yale ya dukani kufika. Na Ndolezi, Mbozi, ndipo kilipo kimondo chenye uzito wa takribani tani 16, sehemu kubwa yake ikiwa chuma, kimojawapo cha vimondo vikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani.

Kwa ufupi

Fletcher alitengeneza mishale. Sawyer alipasua mbao. Cooper aliunda mapipa ya mbao. Chandler alitengeneza mishumaa. Parker alilinda msitu wa kuwindia wa bwana. Carter aliendesha mkokoteni. Spencer aligawa vyakula vya stoo. Clark alikuwa karani, na tangu mwaka 1938 ndilo jina analojifichia Superman anapokuwa mtu wa kawaida.

Ya Kiswahili yanayostahili nafasi: Nahodha na Fundi

Kiswahili kina majina yake ya kazi, na yana rekodi zake. Shamsi Vuai Nahodha alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika wadhifa huo, na ndiye wa mwisho, kwa kuwa ulifutwa mwaka huo wa 2010. Jina lake linatoka baharini, kwa mwenye kuamuru chombo. Upande wa muziki yupo Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyeishi kati ya 1924 na 2000, mmoja wa wapiga gitaa wa mwanzo kurekodiwa nchini humo. Kwake kazi ndiyo iliyotangulia, ikawa jina la kwanza.

Mzazi wa Kamsamba anayemwita mwanawe Mason au Millard hajakosea, na anayemwita Fundi hajabaki nyuma. Wote wamemtwika mtoto kazi ya heshima. Kinachotakiwa ni mtoto aijue. Mwaka 2013, Songwe ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, ndipo huku ulipoanza mpango wa kuwapatia watoto wa chini ya miaka mitano vyeti vya kuzaliwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Siku ya kujaza fomu hiyo ndiyo siku ya kumuuliza bibi maana ya ubini, na kumtafutia jina la kwanza maana yake, kisha kumweleza mtoto atakapokuwa mkubwa: jina lako lilikuwa la mtu aliyefanya kazi hii, na watu walimtegemea.